Mchezo wangu ni wa wafanyabiashara wa Kilwa, lakini wachezaji wanageuka maharamia: naomba ushauri

Tanga Mbili

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wale wanaocheza na kutunga michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua penye mashaka.

Natunga mchezo unaotokea Kilwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, dhahabu ya Sofala (bandari ya kusini, Msumbiji ya leo) ikipita Kilwa kwenda Arabuni na Bara Hindi. Wachezaji ni watu wa chombo kimoja: nahodha, rubani, mfanyabiashara, baharia. Msimulizi anashika upepo, bandari na watu wengine wote. Ninachotaka kionekane mezani ni kuaminiana: mali ya mkopo, ndoa za bandarini, sifa ya mtu inayofika Mogadishu kabla yake mwenyewe.

Kanuni ni nyepesi. Kila mhusika ana sifa tano: Nguvu, Wepesi, Ulimi, Bahari, Imani. Ukitaka kufanya jambo lenye mashaka unarusha dadu mbili za pande sita, unajumlisha na sifa yako. Ukifika 9 umefaulu, chini ya hapo umeshindwa. Mapigano yana sura yake ya kurasa nane: silaha, ngao, majeraha, pointi za uhai. Pointi za uzoefu, zile za kumkuza mhusika, unazipata ukimshinda adui.

Sasa tatizo. Kikao kilichopita walikutana na mtepe karibu na Mafia, umejaa pembe na ambari. Nilikuwa nimeandaa mazungumzo: yule nahodha mwingine ameishiwa maji ya kunywa, na anajua bei za Sofala za msimu ule. Mfanyabiashara wao akajaribu kupatana naye. Dadu zikatoa 6, Ulimi wake ni 1, jumla 7. Ameshindwa. Meza ikanyamaza. Dada anayecheza baharia akauliza kwa upole, "Sasa tufanye nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu, wakatoa panga. Na ndivyo inavyokuwa kila mara, hata nikibadilisha wachezaji. Wanafurahia, siwalaumu, ila huo sio mchezo ninaoutaka.

Nafikiria kuweka kanuni inayokataza uharamia kabisa. Mnaonaje?

Kalamu na Dadu

Mkuu, usikataze. Chukua karatasi ya mhusika uisome kama mtu ambaye hajawahi kukusikia ukieleza mchezo wako. Anaona Nguvu, anaona Wepesi, anaona pointi za uhai na nafasi ya kuandika silaha. Anafungua kitabu anakuta kurasa nane za mapigano. Anauliza anapataje uzoefu, anaambiwa ashinde adui. Huyo mtu akitoa upanga ameusoma mchezo wako vizuri kabisa.

Angalia Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani wa watu wanaoingia mashimoni penye mazimwi na hazina. Gary Gygax na Dave Arneson waliitoa mwaka 1974, na ilizaliwa kwenye michezo ya vita ya kupanga vinyago vya askari mezani. Ungetegemea watu wapigane tu. Lakini kwenye kanuni zile za mwanzo sarafu moja ya dhahabu uliyoitoa shimoni ilikuwa pointi moja ya uzoefu, na uzoefu mwingi ulitoka kwenye hazina kuliko kwenye kuua. Zimwi likilala juu ya sanduku, mchezaji mwenye akili alitafuta njia ya kuiba sanduku zimwi likiwa bado limelala. Toleo la tatu, mwaka 2000, lilitoa uzoefu kwa kushinda vikwazo, na mara nyingi kikwazo chenyewe kilikuwa adui. Meza nyingi zikaacha kunyata, zikaanza kuvunja milango. Zimwi lilikuwa lile lile na shimo lile lile. Kilichobadilika ni kile kitabu kinacholipa.

Kwa hiyo swali langu kwako ni moja: mchezo wako unalipa nini? Kama ni kuaminiana, basi uzoefu utoke kwenye ahadi iliyotimizwa, mzigo uliofikishwa, deni lililolipwa. Ufute ule wa kushinda adui, wote.

Hesabu za Meza

Naongezea upande wa dadu, maana hapo pia kuna kitu kinawasukuma.

Dadu mbili zina matokeo 36. Mwenye Ulimi 1 anahitaji dadu zitoe 8 au zaidi, yaani matokeo 15 kati ya 36, kama asilimia 42. Mwenye sifa 0 anabaki na asilimia 28. Hiyo peke yake sio mbaya sana. Ubaya ni kwamba kupatana anarusha mara moja tu, akikosa mlango umefungwa. Kwenye mapigano, mwenye Nguvu ile ile ya 1 anarusha kila zamu. Kwa zamu tatu, nafasi ya kupata angalau pigo moja ni asilimia 80. Kanuni moja, dadu zile zile, lakini upanga unapewa nafasi ya pili na ya tatu na ulimi haupewi. Wachezaji hawapigi hesabu hii kwenye karatasi, ila baada ya vikao kadhaa mikono yao inaijua.

Jambo la pili ni kile kimya ulichokisimulia. Jumla 7, ameshindwa, na dunia imebaki vile vile kama kabla hajarusha. Kwenye Apocalypse World, mchezo mwingine wa mezani wa mwaka 2010, kazi ya Vincent Baker na Meguey Baker, dadu ni hizo hizo mbili lakini matokeo ni matatu. Ukipata 10 na kuendelea umepata ulichotaka. Ukipata 7 hadi 9 umepata, ila kwa gharama au kwa masharti. Ukipata 6 kushuka chini msimulizi analeta jambo gumu. Kwa sifa ya 1 hiyo inakupa asilimia 28, 44 na 28. Maana yake tokeo linalotokea zaidi ni lile la kati, "ndiyo, lakini".

Sasa rudisha ile 7 ya mfanyabiashara wako. Yule nahodha anakubali kutaja bei za Sofala, lakini anataka mapipa mawili ya maji sasa hivi, na nyinyi wenyewe mna matatu. Hapo hakuna wa kukuuliza "tufanye nini".

Mjukuu wa Rubani

Mimi sio mtunzi, nimekulia kwenye habari za vyombo na nasoma sana historia ya pwani, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pwani hii mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Anaeleza desturi ya Mogadishu ambayo naona ni mchezo tayari. Chombo kikiingia, vijana wanakuja kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Anamkabidhi mfanyabiashara mmoja aliye chomboni na kusema, huyu ni mgeni wangu. Toka hapo mgeni hashukii kwingine ila kwa huyo mwenyeji wake, isipokuwa awe ameshazoea mji na ana watu wake. Mwenyeji ndiye anayemuuzia mali yake na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni huyo bei, au akamuuzia mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo kwao haihesabiki.

Weka hiyo kwenye karatasi ya mhusika, ndugu yangu. Pale ulipoandika silaha, andika wenyeji: jina, bandari, anakudai nini, unamdai nini. Mtu asiye na mwenyeji Mogadishu akae na mzigo wake ufukweni.

Na upepo usiuache kuwa mapambo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ndiyo iliyoleta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi na ndiyo ya kushukia Sofala. Kusi inaanza Aprili, ndiyo ya kurudia juu. Ukichelewa kufunga mzigo unakaa bandarini miezi. Zile ndoa unazozitaka zilitoka hapo hapo, kwenye kungoja.

Dogo moja: nimefurahi umeandika mtepe. Chombo cha kushonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari, tanga la mkeka. Kinavuja, kwa hiyo lazima kuna mtu anafua maji usiku na mchana. Usimsahau huyo.

Tanga Mbili

Wakuu, nimesoma mara mbili. Hiyo ya sahani iliyofunikwa nimeipenda sana, naanza nayo kesho.

Ila nina hofu moja. Nikitoa uzoefu wa kupigana na kuweka madeni na ahadi, je, haitakuwa kazi ya uhasibu? Watu wanakuja mezani kupumzika. Nikiwaambia waandike nani anamdai nani, si watasinzia?

Jaribosi

Uhasibu unachosha ukiwa hauna tarehe ya mwisho. Tafuta kanuni za Traveller, ya Marc Miller, mwaka 1977. Ni safari za nyotani, lakini mifupa yake ni ya kwako kabisa: kundi la watu, chombo kimoja, bandari moja baada ya nyingine. Chombo kinanunuliwa kwa mkopo. Unatanguliza asilimia 20, halafu kila mwezi unalipa sehemu 1 ya 240 ya bei yake, kwa miezi 480. Miaka arobaini! Kundi likifika bandari jipya tayari lina sababu ya kutafuta mzigo, kusikiliza mtu mwenye kazi ya ajabu, kukubali abiria wasiyemwamini. Msimulizi hana haja ya kuwasukuma, mkopo unawasukuma.

Kwako mwezi wa benki ndio upepo. Chora duara, ligawe vipande sita, uliweke katikati ya meza wote walione. Blades in the Dark, mchezo wa John Harper, inatumia duara za namna hiyo, inaziita saa, kwa kila hatari inayokaribia. Kila wakipoteza muda, au dadu zikitoa gharama, jaza kipande. Duara likijaa, kaskazi imekatika. Deni moja tu, mwenyeji mmoja anayengoja Kilwa, na duara linalojaa. Hakuna atakayesinzia hapo.

Kusi Kali

Natofautiana kidogo na Kalamu na Dadu. Kufuta malipo ya mapigano sawa, ila usifanye pwani iwe ya watu wapole. Ibn Battuta huyo huyo anasema sultani wa Kilwa alikuwa akifanya mashambulizi bara na kugawa ngawira. Bahari ilikuwa na panga. Ukiziondoa utakuwa na mchezo safi lakini wa uongo.

Mimi ningeacha mlango wa uharamia wazi, na ningeandika bei yake mlangoni. Mkivamia chombo, mali mnapata, nyingi, papo hapo. Halafu kila mchezaji anafuta mwenyeji mmoja kwenye karatasi yake, anachagua mwenyewe, na anaeleza habari zilimfikiaje. Call of Cthulhu, mchezo wa mezani wa kutisha, tangu mwaka 1981 haijawahi kumkataza mtu kupigana na mazimwi. Mhusika ni dhaifu, akili inamtoka, na watu wanajifunza kukimbia. Mchezaji akivamia huku anajua gharama, hicho kitakuwa kikao kizuri kuliko vyote.

Na kwa kuwa mashambulizi yale yalikamata watu, zungumzeni kabla ya kikao cha kwanza nini hakitaingia mezani kwenu. Hilo usiliache kwa bahati.

Kalamu na Dadu

Kusi Kali, hapo umenishawishi. Kufuta mwenyeji kuna nguvu kuliko kunyima pointi, kwa sababu mchezaji anaona jina likikatwa kwa mkono wake. Ila kurasa nane bado ni nyingi. Mapigano yatumie dadu zile zile za matokeo matatu, urushe mara moja, yaishe. Pointi za uhai nazo ziondoke, majeraha matatu yanatosha.

Mama wa Vikao

Mwanangu, ukishabadilisha, usiendeshe wewe. Mpe kitabu msimulizi mwingine ambaye hujamweleza chochote, kaa pembeni na daftari, funga mdomo. Wewe ukiendesha unaziba matundu ya kanuni kwa kipaji chako bila kujua, na matundu hayaonekani kamwe.

Usiandike kama wamefurahi, watu wakikaa pamoja hufurahi hata na mchezo mbovu. Andika wapi walisimama kuuliza "sasa tufanye nini", andika kila dadu iliyorushwa na nini kilibadilika baada yake. Dadu isiyobadilisha kitu, itoe. Na wakimaliza usiwaulize kama mchezo ni mzuri. Waulize mchezo unahusu nini, halafu linganisha na ulivyotuandikia hapa juu.

Tanga Mbili

Shikamoo mama, na ahsante. Rasimu yangu hii hapa, naomba muikosoe:

*Kila mhusika anaanza na wenyeji watatu kwenye bandari tofauti, na mmoja wao anamdai. Ukitimiza ahadi mbele ya mwenyeji, weka alama kwenye jina lake. Alama tatu zinapandisha sifa moja. Mkivamia chombo, kila mmoja anafuta mwenyeji mmoja. Msimulizi anatunza orodha ya wenyeji na anaamua lini habari zinawafikia.*

Nguvu na Wepesi nimeviunganisha. Nafasi iliyobaki nimeweka Heshima.

Na la mwisho: nikitumia yale matokeo matatu ya Apocalypse World nitakuwa nimeiba?

Hesabu za Meza

Kwa kawaida hakimiliki inalinda maandishi na michoro, sio wazo la kurusha dadu mbili na kusoma 7 hadi 9. Andika kwa maneno yako, na mwanzoni mwa kitabu wataje waliokufundisha, ndio ustaarabu wa watunzi. Ukitaka kunakili maandishi yenyewe ndipo uangalie leseni. Kanuni za msingi za toleo la tano la D&D, kwa mfano, ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, unaruhusiwa kuzitumia ukiwataja.

Mjukuu wa Rubani

Rasimu nzuri, ila orodha ya wenyeji mnyang'anye msimulizi. Akae nayo mchezaji mwenyewe, kwenye karatasi yake, na aeleze yeye mwenyeji wake anaishi mtaa gani na siku ile sahani ilikuwa na chakula gani. Mtu hafuti kirahisi jina la aliyemlisha.