Samaki wa Ijumaa: toba au karamu?

Mama wa watoto watano, Jinja:

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nawaletea jambo lililotushinda kwenye jumuiya yetu wiki iliyopita. Mwenyekiti alipendekeza kila nyumba iache nyama Ijumaa zote za mwaka, si zile za Kwaresima tu. Wengine wakaunga mkono, wengine wakasema sheria hiyo iliondolewa zamani. Mama mmoja akauliza, "Sasa jioni tutapika nini?" Karibu wote wakajibu kwa pamoja: samaki.

Hapo ndipo nilipopinga, na bado napinga. Ziwa tunaliona kwa macho hapa Jinja, lakini ngege, yaani sato, wa kututosha watu saba ananigharimu kuliko kilo ya nyama ya ng'ombe. Sangara, au mputa kama tunavyomwita, minofu yake inasafirishwa Ulaya, sisi tunauziwa kichwa na mifupa. Nikiacha nyama, kisha nikakopa pesa ninunue samaki mkubwa wa kukaanga, nimejinyima nini? Watoto wangu walifikia kuingojea Ijumaa kama Krismasi.

Kwa hiyo nauliza wazi: Mkatoliki wa Uganda aache nyama kila Ijumaa? Na akiacha, mezani kiwekwe nini? Mimi nasema aache kila Ijumaa, ila chakula cha siku hiyo kiwe cha bei ya chini kuliko cha jana yake, na pesa iliyobaki itoke nyumbani iende kwa mwenye shida. Kwangu huwa ni mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Wengi wanawadharau, wanasema ni chakula cha kuku na wananuka. Wapepete mchanga utoke, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka waanze kutoa mlio wa ukavu, waoshe kwa maji ya moto mara mbili, ndipo uwaunge kwa kitunguu na nyanya na kuwamalizia kwa karanga ya kusaga. Moto uwe mdogo, karanga haitaki haraka. Ukiwaandaa kwa matoke au viazi vitamu, hakuna mtoto anayeuliza nyama iko wapi.

Katekista, Tororo:

Milele na milele, amina. Mama, umeuliza vizuri, ila tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Haikuondolewa. Papa Paulo VI aliipanga upya tarehe 17 Februari 1966. (Ni siku na mwezi uleule ambao Padre Lourdel, Mapeera wetu, na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki Uganda, walifika Kigungu, karibu na Entebbe, mwaka 1879. Wakatekumeni wangu, wanaojiandaa kubatizwa, huikumbuka kwa njia hiyo.) Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zikaendeleza: kanuni ya 1250 inasema kila Ijumaa ya mwaka ni siku ya toba, na ya 1251 inataka tujinyime nyama, au chakula kingine kadiri Baraza la Maaskofu litakavyoamua. Anayebanwa ni aliyetimiza miaka 14. Kufunga ni jambo jingine: huko ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa watu wa miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wao wa 60.

Kwa nini watu wanachanganya? Kwa sababu Amri za Kanisa tulizokariri kwa Kiswahili utotoni zinataja Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu. Mtoto anakua akijua Ijumaa moja kwa mwaka mzima. Kosa si lake, ni letu tuliomfundisha tukaishia hapo.

Kuna pia Ijumaa ambazo nyama ni halali kabisa, yaani sherehe kubwa ya Kanisa inapoangukia siku hiyo. Moyo Mtakatifu wa Yesu huwa Ijumaa kila mwaka. Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti 2025, ilikuwa Ijumaa. Na mayai, maziwa na samli havimo katika katazo hata siku ya kawaida, kwa hiyo ndugu zetu wa Ankole wale eshabwe yao, mchuzi wa samli, kwa amani.

Bodaboda, Kampala:

Mzee katekista, heshima yako. Mimi napinga, na sipingi kwa dharau. Sisi wa stage, kituo chetu cha bodaboda, tunachanga wiki nzima, na Ijumaa jioni ndiyo tunakaa pamoja tunakula muchomo, yaani nyama choma. Ndiyo siku moja ninayoonja nyama. Siku nyingine zote ni kikomando, chapati na maharagwe. Mtu ambaye tangu Jumapili hajaiona nyama, mnamwambia ajinyime tena? Paroko wetu alitusomea kanuni ya 1253: maaskofu wanaweza kuweka sala au matendo ya huruma mahali pa kujinyima chakula. Mimi Ijumaa asubuhi nikipata abiria mgonjwa anayekwenda hospitali, simtozi. Hiyo nayo si toba?

Katekista, Tororo:

Ni toba, mwanangu, na Mungu anaiona. Lakini kanuni hiyo inawapa maaskofu mamlaka, haimpi kila mtu ruhusa ya kujichagulia mezani kwake. Nauliza tu: hao wenzako wa stage, mkikaa Jumamosi jioni badala ya Ijumaa, urafiki utapungua?

Mama wa Arua:

Nyinyi mnaongea kana kwamba kila nyumba ina dini moja. Mama mkwe wangu ni Mwislamu, na shemeji zangu wote. Ijumaa kwao ni siku kubwa. Wakitoka msikitini wanapika pilau ya nyama, na sahani ya kwanza inaletwa kwangu, imefunikwa kitambaa safi, imebebwa na mtoto. Miaka ya kwanza ya ndoa niliirudisha. Mama alilia. Alidhani namwona mchafu.

Baadaye nikaanza kuipokea kwa mikono miwili, kumshukuru, na kuila Jumamosi mchana na watoto. Nilikaa naye nikamweleza: kama vile wewe usivyokula mchana wa Ramadhani, ndivyo mimi nisivyokula nyama leo. Alielewa mara moja, kuliko Wakatoliki wenzangu wengi. Siku hizi kwenye sahani yangu hutenga wali bila nyama, na pembeni majani ya kunde kwa simsim. Naunga mkono Ijumaa zote, lakini atakayemfundisha binti yangu kurudisha sahani ya nyanya yake, huyo sitamsikiliza.

Baba, mkimbizi kutoka Congo, kambi ya Kyangwali:

Wapendwa, kwetu hapa nyama tunaiona Pasaka na Noeli, na mwaka mwingine hata hapo hatuioni. Tangu mgao wa chakula upunguzwe, kuna nyumba zinazokula mara moja kwa siku. Mke wangu anapika sombe, majani ya muhogo, anayatwanga asubuhi ili jioni yaive vizuri. Zikipatikana shilingi anatia muziri, wale samaki wadogo wa Ziwa Albert. Hiyo ndiyo Ijumaa yetu, na ndiyo Jumanne yetu.

Nakubaliana na mama wa Jinja, na naongeza kitu kimoja. Mkisema Ijumaa ni kuacha nyama tu, sisi tunakuwa tumeshaishika bila hata kuamua, na anayeikosea ni mwenye pesa peke yake. Mimi nataka niamue. Mimi na wanangu wakubwa tunaacha sukari kwenye chai ya Ijumaa. Ni kitu kidogo, lakini tumekichagua wenyewe. Mtu maskini naye ana kitu cha kumpa Mungu, msimnyang'anye nafasi hiyo kwa kumwonea huruma.

Dada wa Mbale:

Baba wa Kyangwali, nimesoma maneno yako mara mbili. Asante.

Kwa wanaotafuta chakula: malewa. Sisi Wamasaba machipukizi ya mianzi kutoka Mlima Elgon ndiyo nyama yetu isiyo nyama. Yakiwa yamekaushwa kwa moshi, yaloweke, yachemshe mpaka yalainike, mwaga maji, yakate vipande vidogo, kisha yapike kwenye karanga ya kusaga. Yana utafunaji kama wa nyama, hata mzee asiyependa mboga anayala. Wenzetu wa Gulu wana malakwang, mboga ya majani, ule uchachu wake ukikutana na siagi ya karanga na viazi vitamu ni mlo kamili. Uganda hatuhitaji kuiga mlo wa Ijumaa wa mtu yeyote.

Mwalimu, Masaka:

Kila Novemba naulizwa na wanafunzi: nsenene, wale panzi wa kuliwa, ni nyama? Kwa desturi ya Kanisa, nyama inayokatazwa ni ya wanyama wa nchi kavu wenye damu moto, pamoja na ndege. Nsenene hawamo. Ila bei ya kikombe kimoja siku hizi inawaweka kundi moja na ngege wa mama wa Jinja.

Mama wa watoto watano, Jinja:

Nimewasikia wote. Mama wa Arua, umenifundisha. Jirani yangu ni Mwislamu na mara mbili nimemkatalia chakula chake, nitakwenda kumwomba radhi. Kijana wa Kampala, usiache kuwabeba wagonjwa bure hata mkihamishia muchomo Jumamosi.

Kuna jambo sikulisema mwanzoni kwa aibu. Nyumbani kwangu Ijumaa ilikuwa yangu peke yangu. Ijumaa nyingine nilikuwa nikipika firinda. Maharagwe yanalowekwa usiku kucha, kisha unamenya ganda punje kwa punje, saa mbili nzima umekaa kwenye kigoda, halafu unayachemsha na kuyaponda mpaka yawe laini kama uji mzito, unatia samli. Watoto wanakula, wanashukuru. Saa tatu usiku mume wangu anarudi ananukia muchomo wa njiani, anasema ameshiba. Nani hapo alifanya toba ya familia? Nililia jikoni zaidi ya mara moja.

Baada ya kusoma maneno ya baba wa Kyangwali nilimwonyesha mume wangu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza maharagwe yanalowekwa saa ngapi. Ijumaa hii ni firinda, na watakaomenya ni yeye na wavulana wawili wakubwa. Pesa ya muchomo ataiweka kwenye kopo juu ya kabati, na Jumamosi tutampelekea bibi wa nyumba ya tatu, anayelea wajukuu wanne peke yake.