Betri ndani ya gauni la taa: nimekosea wapi?

Mshonaji (swali)
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninashona mavazi ya kikundi cha wachezaji wanane ambao katika onyesho lijalo watacheza jukwaa likiwa giza, na kila gauni lina mita 3 za ukanda wa taa za LED za volti 5 zinazobadili rangi, taa 60 kwa kila mita. Kwenye mazoezi nilitumia betri za lithiamu nilizozitoa katika kompyuta mpakato mbovu, nikazizungushia utepe wa karatasi wenye gundi na kuzishonea kiunoni. Baada ya dakika kumi hivi mchezaji mmoja alilalamika kwamba mgongo unamchoma, na nilipofumua bitana nikakuta ganda la waya limelainika. Hakuumia, ila usingizi sikuupata. Tatizo ni betri au ni waya?

Fundi umeme
Dada, tatizo limeanzia kwenye hesabu. Taa moja ya aina hiyo hula hadi miliampia 60 inapowaka nyeupe kwa nguvu zote, kwa hiyo taa zako 180 zinaweza kudai karibu ampia 11, mkondo ambao waya mwembamba hauwezi kuupitisha bila kupata moto. Kabla ya kununua waya mnene, shusha mwangaza katika programu ya kidhibiti (kifaa kinachoziongoza taa) hadi robo, kwani gizani robo hiyo inatosha kabisa, nao mkondo utashuka chini ya ampia 3. Ukiacha rangi nyeupe ukatumia nyekundu au buluu peke yake, utapungua zaidi. Kisha weka fyuzi, yaani kifaa kinachokata umeme mkondo ukizidi, kwenye waya chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri, kwa sababu kipande cha waya kilichotangulia fyuzi hakina mlinzi. Waya uwe wa nyuzi nyingi, wenye ganda la silikoni. Ule wa uzi mmoja hukatika mchezaji akiinama mara nyingi.

Msimamizi wa mavazi
Hesabu hiyo naikubali, lakini kinachonitisha zaidi ni zile betri zenyewe. Seli zilizokwisha kuchakaa, zisizo na saketi ya ulinzi, zimefungwa kwenye mwili wa mtu anayeruka na kuviringika: ikitobolewa moja au ikipigwa shoti, inaweza kuwaka moto ambao ni mgumu kuuzima. Nunua pawabenki nzima yenye ulinzi wake, uitie katika mfuko wa pamba nzito juu ya bitana, wala usitumie poliesta, maana huyeyuka na kugandia ngozi. Mfuko ukae ubavuni, usiwe juu ya uti wa mgongo, kwa kuwa wachezaji huanguka chali. Ufunguke kwa mkono mmoja, na mvalishaji afanye mazoezi ya kuutoa taa zikiwa zimezimwa. (Kubeba betri jukwaani si jambo jipya: mwaka 1882, katika Savoy Theatre ya London, waigizaji walivaa taa ndogo kichwani na betri mgongoni.) Viungo vyote vya waya vizibwe vizuri, kwani jasho lina chumvi, na chumvi hupitisha umeme na kula shaba.

Mchangiaji mwingine
Niongeze mawili. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo mno, kwa hiyo kama mchezo una kipande cha giza tupu, acha taa chache zififie ndani ya pindo badala ya kuzima zote. Pia msimwekee mtazamaji mmweko unaozidi mara tatu kwa sekunde, kwa sababu unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu.

Mshonaji
Ahsanteni sana. Betri za zamani nimezipeleka kwa fundi anayezikusanya. Gauni la kwanza nimelifumua na kulishona upya kwa pawabenki na fyuzi ya ampia 3. Kwa buluu na nyekundu kipima umeme kinasoma ampia 1.6. Nimelivaa mwenyewe nusu saa nikiruka ukumbini, na kilichonichosha ni uzito wa sketi tu. Swali lililobaki ni la kufua: ukanda huo mnaushonea kwa vishikizo ili utolewe, au mnafua kwa kitambaa chenye unyevu?