Stop Making Sense ina watu tisa jukwaani, acheni kumtaja mmoja!

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kila Stop Making Sense, filamu ya tamasha ya bendi ya roki ya Marekani, Talking Heads, inapotajwa, iwe kwenye chaneli za uchambuzi au kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapenda muziki, habari ni ile ile: David Byrne, mwimbaji mkuu, na suti yake kubwa. Juzi nimetazama uchambuzi wa jamaa mmoja mwenye wafuasi wengi tu. Kaongea weee. Suti. Ile taa ya sebuleni anayocheza nayo. Suti tena. Alipofika kwa wengine akasema "na wanamuziki wa kusindikiza waliokuwa nyuma", basi, akapita zake.

Wa kusindikiza! Bernie Worrell, yule mpiga vinanda, ni mwanamuziki wa kusindikiza?

Tuanzie hapo hapo. Kabla Worrell hajakanyaga jukwaa la Pantages kule Hollywood, Desemba 1983, filamu hii iliporekodiwa, tayari alikuwa nguzo ya Parliament-Funkadelic, kundi kubwa la fanki. Ile besi nene ya wimbo wao "Flash Light" iliyotikisa Marekani mwaka 1978 haikupigwa kwa gita. Ni Worrell na kinanda cha umeme cha Moog. Alikuwa mtoto wa kipaji, akasomea piano ya kiklasiki, kisha akazichukua zile nondo zote akazipeleka kwenye fanki. Mwaka 1997 aliingizwa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, pamoja na wenzake wa Parliament-Funkadelic, miaka mitano kabla ya Talking Heads wenyewe kuingizwa. Na Talking Heads walipoingizwa, 2002, usiku ule walipanda kupiga na Worrell, na mpiga tumba Steve Scales naye akawepo. Bendi yenyewe inajua ilimtegemea nani. Wasiojua ni ninyi mnaotufundisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba filamu yenyewe inakataa mnachosema, tena tangu dakika ya kwanza. Byrne anaingia peke yake na gita la kawaida, anaweka redio kaseti sakafuni, anapiga "Psycho Killer". Jukwaa liko tupu, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Wimbo wa pili anaongezeka Tina Weymouth na besi. Wa tatu Chris Frantz na dramu. Wa nne Jerry Harrison. Wa tano wanaingia Lynn Mabry na Ednah Holt kwenye sauti, na Steve Scales kwenye tumba. Wa sita, "Burning Down the House", ndipo anaingia Worrell na vinanda vyake na Alex Weir na gita. Wakati wote huo vijana wa jukwaani waliovaa nyeusi wanasukuma vyombo kuvileta mbele yako bila kujificha. Mtu aliyetaka kusema "mimi ndiye mimi" angepanga onyesho namna hiyo? Byrne ndiye aliyelibuni na namheshimu sana kwa hilo. Alipanga ionekane kwa macho kwamba peke yake ana gita moja na kaseti, na kwamba muziki unakuja watu wanapokuja.

Sasa sikilizeni hiki, maana ndicho kilichonifanya niandike. Kwenye "Heaven", wimbo wa pili, jukwaani wapo wawili tu, Byrne na Tina. Lakini ukitega sikio utasikia sauti ya pili, ya kike, inapita juu ya ile ya Byrne, laini, haikosei hata kidogo. Hiyo ni sauti ya Lynn Mabry, anaimba kutoka nyuma ya jukwaa. Yaani umeshaanza kumsikia kabla hujamwona! Mpaka wimbo wa tano ndipo sura yake inatokea. Kila anayeniambia "ule mwanzo wa Byrne peke yake na Tina unanitoa machozi" huwa namwambia arudi asikilize vizuri kinachomtoa machozi ni nini. Mabry naye alikuwa wa Parliament-Funkadelic, na kabla ya hapo aliimba na kundi la Sly and the Family Stone. Huyo ndiye "muitikiaji wa nyuma" wenu.

Na "Slippery People" bila Mabry na Holt ni nini? Ule wimbo ni wa kuulizana na kujibizana, mtindo wa kanisani. Byrne anarusha, wao wanarudisha. Si ajabu The Staple Singers, watu wa gospo hasa, waliuimba wenyewe mwaka 1984. Walisikia kilichokuwemo.

Alex Weir sasa. Huyu alitoka kwenye bendi ya The Brothers Johnson. Tazama "Burning Down the House": yeye na Byrne wanarukaruka bega kwa bega, Weir anacheka, mkono wake wa kulia unakata nyuzi kama mashine na haupotezi hata pigo moja. Kwenye "Life During Wartime" watu wanakimbia mahali pamoja huku wanapiga na kuimba, Mabry na Holt wakiwa mbele kabisa. Mbele, si nyuma! Hata hilo la "nyuma" ni uongo wa macho.

Kwa nini walihitaji tisa? Hili nalo halisemwi. Mwaka 1980 Talking Heads walitoa Remain in Light, albamu iliyojengwa kwa kumsikiliza sana Fela Kuti wa Nigeria: kila chombo kinashika kipande kifupi, kinakirudia, na vipande vikipandana ndipo wimbo unasimama. Studio unaweza kurekodi tabaka moja moja. Jukwaani wale wanne wa bendi yenyewe, Byrne, Weymouth, Frantz na Harrison, hawana mikono ya kutosha. Ndiyo maana mwaka ule ule wakaanza kutembea na bendi kubwa, na Worrell na Scales walikuwemo tangu hapo. Kwa hiyo wale watano hawakuongezwa kupamba. Ondoa tumba ya Scales kwenye "Crosseyed and Painless" uone kama kitabaki cha kuchezeka. Muziki uliochotwa Lagos, ukashikiliwa jukwaani na Wamarekani weusi watano, halafu simulizi yote inaishia kwenye mabega ya suti. Mnaona tatizo liko wapi, au nitaje zaidi?

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatukulelewa hivi. Wimbo unapigwa, mzee anakwambia solo ni la fulani, ridhim fulani, hapo tumba fulani, na mwimbaji mwenyewe anamwita mpigaji kwa jina katikati ya wimbo. Byrne naye anafanya hivyo hivyo! Kwenye "Take Me to the River" anawataja wenzake mmoja mmoja mbele ya ukumbi mzima. Majina yamo ndani ya filamu, hayahitaji utafiti wowote.

Jonathan Demme, aliyeongoza filamu, alielewa. Na Jordan Cronenweth, aliyesimamia kamera, alielewa. Filamu nyingi za matamasha zinakukatia picha kila sekunde: kidole, jasho, shabiki analia, taa, shabiki tena. Hapa watazamaji karibu hawaonekani kabisa mpaka mwishoni, na kamera inakaa. Inakaa kiasi kwamba unaona Weymouth akimtazama Frantz kabla ya mageuzi ya wimbo, unaona Holt na Mabry wakitabasamiana, unamwona Scales akiwa na raha zake. Ukiniuliza kwa nini bado inatazamwa, kwa nini Maktaba ya Bunge ya Marekani iliiingiza kwenye hazina ya filamu za taifa mwaka 2021, kwa nini ilirudishwa majumba ya sinema mwaka 2023 na vijana waliozaliwa baada ya bendi kuvunjika wakasimama wakacheza kati ya viti, jibu langu ni hilo. Unatazama watu wakifurahiana huku wanafanya kazi ngumu. Suti unaicheka mara moja umemaliza. Ule uso wa Weir huuchoki.

Nikubali kwamba tangu mwanzo mauzo yalichangia suti kutawala. Albamu ya filamu hii, ya 1984, ilikuwa na suti kwenye jalada na nyimbo 9 tu kati ya 16 za kwenye filamu. "Heaven" haikuwemo. "This Must Be the Place" haikuwemo. "Genius of Love", ambao Tina na Chris wanaupiga na wenzao wakati Byrne kaenda kuvaa hiyo suti, haukuwemo! Kwa miaka mingi aliyekuwa na kaseti bila filamu alikosa wimbo wa pili, wa tatu na wa nne, ambapo bendi inajengeka mtu kwa mtu. Toleo la 1999 likarudisha nyimbo zote 16, na la 2023 likaongeza na zilizoachwa nje ya filamu. Kwa hiyo kisingizio hicho leo hakipo.

Septemba 2023, kwenye tamasha la filamu la Toronto, wale wanne wa bendi yenyewe walikaa pamoja wakahojiwa na Spike Lee baada ya miaka mingi ya kutoelewana, na dunia nzima ikaandika habari za wanne kupatana. Nilifurahi kuwaona, kweli nilifurahi. Lakini Worrell alishafariki tangu 2016, na kwenye makala nilizosoma wiki ile jina lake lilitokea mara chache mno, la Ednah Holt mara chache zaidi.

Ombi langu, na silirembi. Mwenye chaneli, mwenye ukurasa, mwenye grupu: ukiweka kipande cha filamu hii, andika majina tisa kwenye maelezo. Byrne, Weymouth, Frantz, Harrison, Worrell, Weir, Scales, Mabry, Holt. Ni mstari mmoja. Na ukikata kipande cha "Girlfriend Is Better", ule wimbo wa suti, acha na sehemu ya kinanda, msiwe mnakata pale suti inapotoka kwenye picha.

Mwenye rekodi nzuri za Alex Weir na The Brothers Johnson aziweke hapa chini, na anayefahamu nyimbo nyingine ambazo Ednah Holt aliimba aongeze. Wale wa kuja kuniambia "lakini suti ni kali" waanzishe uzi wao.