MREJESHO: Laptop iliyotumika na Ubuntu 24.04, jinsi ya kuhakiki kabla ya kulipa

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa: laptop ya ThinkPad (ya Lenovo) ikiwa kwenye orodha ya vifaa vilivyothibitishwa na Canonical, kampuni inayotengeneza mfumo endeshi wa Ubuntu, inatosha kuinunua kwa ajili ya Ubuntu 24.04? Jibu: haitoshi.

Kwanza, uthibitisho hutolewa kwa modeli fulani na toleo fulani. Iliyopimwa kwa toleo la 20.04 haijapimwa kwa 24.04, ingawa kwa kawaida huendelea kufanya kazi.

Pili, na hapa ndipo wengi hunasa, jina moja la modeli hubeba mashine tofauti ndani: hii ina kadi ya Wi-Fi ya Intel, ile ya Realtek. Washa mashine kwa flashi yenye Ubuntu, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), kisha andika:

cat /sys/class/dmi/id/product_name
lspci -nnk
lsusb

Kwa Lenovo mstari wa kwanza hutoa msimbo tu. Jina la kawaida liko kwenye faili la product_version, folda hiyohiyo. Linganisha namba za vifaa na zile za ukurasa wa modeli kwenye orodha ya Canonical. Sehemu ya kwanza ya namba ni ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec Realtek, 14e4 Broadcom. Kifaa kama kadi ya Wi-Fi kisicho na mstari wa "Kernel driver in use" (draiva, yaani programu ya kukiendesha, inayotumika) kitiliwe shaka. Broadcom nyingi hudai draiva ya ziada, kwa hiyo njoo na waya wa intaneti au simu ya kugawa mtandao kwa USB.

Kisoma alama za vidole hakionekani kwenye lspci, kitafute kwenye lsusb. Pia funika na ufunue laptop uone kama inaamka. Hilo amri za hapo juu hazilionyeshi.