MJADALA: Shule ipimwe kwa watoto wote iliowapokea, siyo kwa waliobaki kidato cha nne

Wakuu, tangu NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) itangaze matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 bila orodha ya shule kumi bora, tunabishana jambo lilelile: orodha irudi au isirudi. Wanaoipinga wanasema mazingira ya kusomea hayalingani na orodha ilikuwa tangazo la bure kwa shule za binafsi. Wanaoitaka wanasema mzazi ana haki ya kujua. Msimamo wangu: shule zipimwe, matokeo yawe hadharani, tena kwa sheria ya Bunge, maana waraka hubadilika kila akija kiongozi mpya. Ila kinachopimwa kibadilike.

Kibaha na Ilboru, shule za serikali za vipaji maalumu, zinapelekewa vijana waliong'ara darasa la saba. Shule ya kata inapokea waliobaki, wengi wao Kiingereza hakijapanda na masomo karibu yote yako kwa Kiingereza. Ukizishindanisha kwa GPA (wastani wa ufaulu) ya mwisho, unampongeza aliyepewa watoto wazuri.

Kinachoniuma zaidi ni mchujo. Binti wa jirani yangu alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya binafsi. Wastani wa kuvuka darasa ukapandishwa, akaukosa kwa alama chache. Mama yake akaitwa ofisini: mtoto akariri darasa au ahame. Akahama. Matokeo ya wenzake yalipotoka, shule haikuwa na daraja la nne, ufaulu wa chini kabisa, hata moja, wazazi wakashangilia, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba darasa lile lilianza na watoto wengi zaidi. Shule za serikali nazo zina utoro: mtoto dhaifu akiacha kuja na asifuatiliwe, asilimia ya ufaulu inapanda yenyewe.

Tulishaliona hili. Mwaka 2013, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilianza kupangwa hadharani. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani wilayani zilipandisha ufaulu. Hilo ni jema. Lakini walikuta pia kuwa idadi ya watoto waliofanya mtihani wa darasa la saba katika shule hizo ilipungua.

Wanaopinga upimaji hupenda kutaja Marekani. Sheria ya No Child Left Behind, aliyoisaini George W. Bush Januari 2002, ilitaka kila mtoto afikie kiwango cha kusoma na hisabati ifikapo 2014, na shule zinazoshindwa zibanwe. Lengo halikufikiwa. Katika jiji la Atlanta, wachunguzi waliripoti mwaka 2011 kwamba walikuta udanganyifu katika shule 44, walimu wakifuta majibu ya wanafunzi na kuweka yaliyo sahihi. Yote kweli. Lakini sheria hiyohiyo iliagiza angalau asilimia 95 ya wanafunzi wafanye mtihani, na matokeo ya watoto maskini, wenye ulemavu na wanaojifunza Kiingereza yatolewe peke yake. Shule haikuruhusiwa kumficha mtoto nyuma ya wastani. Sheria iliyofuata, ya mwaka 2015, iliyarudishia majimbo sehemu kubwa ya madaraka lakini ikabakiza kifungu cha asilimia 95, na majimbo mengi sasa yanaangalia pia mtoto amepanda kiasi gani mwaka hadi mwaka.

Sisi vifaa tunavyo. Mtoto ana namba ya PREM, yaani ya utambulisho wa mwanafunzi, inayomfuata akihama, ana matokeo ya darasa la saba na ya kidato cha pili. Basi kila shule itangaziwe: iliandikisha wangapi kidato cha kwanza, wangapi kati yao walifika mtihani wa mwisho, na wamepanda kiasi gani tangu darasa la saba. Pembeni iandikwe ina walimu wangapi wa hisabati na fizikia, ili halmashauri na TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) nao wawajibike. Mkuu wa shule hawezi kubebeshwa alama F za somo ambalo hajapewa mwalimu wake.

Pagumu ni hapa: aliyehama kidato cha tatu ahesabiwe wapi? Mimi nasema abaki kwenye hesabu ya shule iliyomwandikisha kidato cha kwanza, isipokuwa mzazi amehama mkoa. Walimu mliomo humu, hasa wa shule za kata, mnaionaje?