Huu utulivu wa vitongojini mnaousifia ni kwa sababu gari haina pa kupita

Assalaam alaykum wanajamvi. Leo nna hasira, kwa hiyo atakayeona maneno makali avumilie au apite.

Kila aliyehamia nje ya mji Unguja keshaambiwa haya na jamaa zake: "Nyie mmefaidi! Upepo, hakuna makelele, pametulia." Wanakuja Jumapili, wanatandikiwa jamvi chini ya mwembe, wanakula pilau yetu, wanasifia hewa. Magharibi ikikaribia wanaanza kutafuta viatu. Kama pazuri hivyo, mbona hamlali? Na mbona sijamuona hata mmoja wenu akija mwezi wa nne, masika imeshika?

Mie naishi Wilaya ya Magharibi B, ndani ndani kutoka barabara ya Fuoni. Shehia siitaji, maana sheha wetu, yaani kiongozi wa mtaa, ana vijana wanaosoma kila kitu kwenye simu. Na ni kweli pametulia. Saa nane mchana unamsikia jogoo wa nyumba ya nne akijikwaruza. Hakuna honi, hakuna muziki wa daladala, hakuna vumbi la gari. Muuza samaki na vespa yake anaishia kwenye duka la mwisho, anapiga honi yake pale, anayemsikia ndiye atakayekula samaki siku hiyo. Haingii ndani kwa sababu akiingia hawezi kugeuza.

Kwa wasiojua tumefikaje hapa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilichukua ardhi na ikawagaia watu eka tatu tatu walime. Wakapanda minazi, migomba, mihogo. Mzee wa eka tatu akafa, kaacha watoto saba, na mji nao huo unakuja. Eka tatu hazikutolewa ziuzwe, na ardhi yote ya Zanzibar kisheria ni mali ya Serikali, kwa hiyo ikaandikwa kwenye karatasi kwamba fulani kamuuzia fulani minazi mitano. Minazi! Muhuri ukapigwa, pesa zikahesabiwa, wiki inayofuata minazi ile ile inaangushwa na msingi unachimbwa. Sote tunaujua mchezo huu na sote tunajifanya hatuujui.

Sasa chukueni kalamu. Eka tatu ni kiasi cha futi za mraba 130,000. Kiwanja cha watu wa mfuko kama wangu ni futi 40 kwa 60, yaani 2,400. Gawanya: viwanja 54. Hesabu hiyo inatoka tu ikiwa hukuacha njia hata ya baiskeli. Ukiacha barabara ya gari kuingia na kugeuza, viwanja kumi hivi vinakwenda na maji. Muuzaji azike pesa za viwanja kumi ardhini ili gari ya zimamoto ipite kwa mtu asiyemjua miaka ishirini ijayo? Haziki. Dalali ndiyo kabisa, yeye anakula chake kwa kila kiwanja.

Njia iliuzwa. Hilo ndilo linaloniuma, mengine yote nitakayosema yanatoka hapo hapo.

Mume wangu alipoonyeshwa kiwanja chetu, dalali aliokota kijiti akachora mchangani: hapa nyumba, hapa banda la kuku, hapa njia, "gari mbili zinapishana bila ya kugusana, bwana mkubwa." Na siku ile njia ilikuwepo kweli, kwa sababu majirani walikuwa hawajajenga. Jirani wa kulia akajenga, akaweka ukuta mwisho wa mpaka wake. Wa kushoto naye akaweka mwisho wa mpaka wake. Kilichobaki katikati ni kichochoro, nikiwa na kapu la soko na mwenzangu anakuja na ndoo ya maji, mmoja wetu arudi kinyumenyume. Nguzo ya umeme imemezwa na ukuta, imo uani kwa mtu. Umeme ukikatika mafundi wakija wanagonga geti waombe ruhusa, na mwenye geti yuko kazini Malindi mpaka jioni. Tunakaa gizani tunamsubiri mwenye ufunguo.

Msiniambie Mji Mkongwe nao una vichochoro. Nimekulia mle, navijua. Vya kule vinatoka mahali vinakwenda mahali: ukikifuata utatokea msikitini, dukani, barazani, barabarani. Cha kwetu kinaishia kwenye ukuta wa tofali ambao haujapigwa hata lipu.

Sasa karo, yaani shimo la choo, wenye staha wanisamehe. Huku hakuna bomba la maji machafu, kila nyumba na shimo lake. Masika yakishika, maji ya chini yanapanda na karo linajaa kutokea chini. La kwetu lilijaa. Nikapiga simu, gari ya kunyonya ikaja, ikasimama pale pale anaposimama muuza samaki. Dereva akashuka, akakiangalia kichochoro, akaniangalia mie.

"Dada, hapa ulikuwa unataka gari au ulikuwa unataka nyoka?"

Lakini alijitahidi, nimpe haki yake. Alitoa mipira yote aliyokuwa nayo akaiunganisha. Ikafuata kichochoro, ikapinda kona, ikaishia ukutani kwa jirani, imebaki kama urefu wa vyumba viwili kufika kwetu. Njia ya mkato ni kupitia uani kwa mzee mmoja, mtu mwema, kila Ijumaa anatuletea ndizi. Nikabisha hodi, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mpira wa choo upite mbele ya jiko langu, na leo nna wageni wa posa?"

Ningemwambia nini? Ana haki yake. Kila mtu huku ana haki yake, kila mtu yuko ndani ya mpaka wake, na choo changu kinafurika.

Dereva akadai pesa ya safari, nikampa. Usiku wakaja vijana wawili, wakatoa kwa ndoo, wakafukia kwenye shimo jipya pembeni. Pembeni ya nini? Ya kisima, hatua chache tu! Na ardhi ya kwetu mnaijua, ukichimba kidogo unakuta jiwe la matumbawe, lina matundu kila upande, ukimwaga kitu hapa hujui kitatokea kwa nani. Tulishasahau kipindupindu kilivyotuandama mwaka 2015 na miaka iliyofuata? Asubuhi yake mtu aliyekuwa kwetu Jumapili akanitumia ujumbe: vipi huko, bado pametulia? Sikumjibu, na ndiyo kisa cha uzi huu.

Halafu kuna watu wanafanya kichekesho mambo ambayo si ya kucheka. Binti wa nyumba ya nyuma alishikwa na uchungu usiku wa manane. Bajaji ikafika mpaka dukani, basi. Akatolewa juu ya kiti cha plastiki, wanaume wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kiti kinagonga ukuta wa kulia, kinagonga ukuta wa kushoto, na yeye kashikilia kanga kwa meno. Alhamdulillahi alifika hospitali ya Mnazi Mmoja na mtoto mzima. Siku ya arubaini wanawake wamekaa wanaisimulia na kuigiza kiti kinavyogonga, watu wanavunjika mbavu. Mie nilikuwa nawaza, ingekuwa maiti je? Maana jeneza nalo linapita huku huku, na linapinda kona ile ile.

Na msidhani sie ni vijumba vitatu vya shamba. Sensa ya 2012 iliipa Wilaya ya Mjini watu 223,033 na Magharibi, ikiwa bado wilaya moja, 370,645. Sensa ya 2022 Mjini imeshuka mpaka 219,007, na Magharibi A na B zikiwekwa pamoja ni 674,162. Kwa miaka kumi huko kwenu mmepungua, huku tumeongezeka laki tatu na ushei. Walio wengi wa mkoa huu ni sie wa kwenye vichochoro. Lakini ukitaka kitambaa cha sare za skuli, Darajani. Dawa ya presha ya mama mkwe, mjini. Karatasi yoyote yenye muhuri wa maana, mjini. Ndiyo maana mchana pamekuwa kimya hivi, watu wote wako huko huko kwenu wanahangaika, huku wamebaki wazee, watoto na kuku. Usiku wanarudi kulala, na ole wake atakayechelewa gari za mwisho.

Mama mkwe wangu ndiye ananisikitisha zaidi. Mtu wa Mkunazini, Mji Mkongwe, kazoea kukaa kibarazani akaamkiwa na mtaa mzima kabla chai haijapoa, na muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe. Tulimleta huku apumzike. Anakaa nje ya mlango anaangalia ukuta. Juzi kaniuliza, "Mwanangu, hivi hawa watu wote walioweka makuta, nani aliwaibia?" Yule wa ukuta mrefu kuliko wote hata mbuzi hana.

Mvua nayo ina hesabu zake. Mnaikumbuka Kibondemzungu kabla ya daraja? Kila masika maji yanafunga barabara ya Fuoni, watu wanavuka suruali zimekunjwa na viatu mkononi. Daraja likajengwa, hilo nashukuru. Lakini kule ndani, bonde ambalo maji yalikuwa yakipita tangu babu zetu nalo limeuzwa futi 40 kwa 60. Aliyelinunua akamwaga kifusi, akainua nyumba yake juu, maji yakahamia kwa mwenzake. Mwenzake naye akamwaga kifusi. Sasa zamu yangu, na kifusi kwangu hakifiki kwa sababu, kama nilivyosema, gari haiingii. Nimewahi kuletewa kwa gari la ng'ombe, ng'ombe mwenyewe akakwama pale konani.

Kinachonitoa machozi ya hasira ni kwamba kupanga mji hapa kwetu watu wanakujua. Nendeni Mpendae, nendeni Mbweni kwenye viwanja vilivyopimwa, gari zinapishana na mtu anatembea. Mji wetu una mpango mkuu tangu 1982, walikuja kutusaidia Wachina. Au nendeni Fumba kwenye miji mipya inayouzwa hata kwa wageni: mitaa imenyooka, taa, njia ya miguu, miti midogo imewekewa vijiti. Kule nako pametulia, lakini ukiugua usiku gari inakuja mpaka mlangoni.

Na hili nalisema kwa viongozi wetu wote wa ngazi ya chini, simlengi mmoja: karatasi ya mauziano inapita mkononi mwenu. Muhuri ni wenu. Kabla ya kuupiga, hamna hata swali moja la kuuliza? Muulizeni muuzaji njia ya kiwanja hiki iko wapi, mkaione kwa macho. Nusu saa ya kutembea tu.

...

Naongeza, maana majibu yamekuwa mengi.

Aliyesema niuze nirudi mjini: nirudi wapi? Nyumba tuliyokulia Mji Mkongwe leo ina mapokezi na wageni wanapigwa picha kwenye mlango wake. Tangu UNESCO wautie mji ule kwenye orodha yake mwaka 2000 nyumba ngapi zimegeuka hoteli? Wapangaji wa zamani ndio hawa waliojaa huku Magharibi. Na nikiuza, nitamwambia mnunuzi njia iko wapi? Nitachora kwa kijiti na mie?

Aliyesema wananchi wenyewe tukubaliane tukate kuta: ndugu yangu, hapo umesema la maana na ndilo ninalolitaka. Kila upande ukitoa futi nne, bajaji inapita. Ukitoa futi sita, gari ya karo inapita. Nimezungumza na nyumba tano. Mzee wa ndizi kakubali wa kwanza, kasema posa imeshajibiwa, ukuta wake tuubomoe tutakavyo. Wawili wanataka walipwe tofali zao. Mmoja anasema atafikiri. Wa tano yuko Maskati, ndugu yake anasema hana idhini.

Kama kuna mtu hapa Magharibi A au B walifanikiwa kukata kuta kwa maelewano, naomba aniambie walimlipa nani nini, fundi aliwatoza kiasi gani kusogeza ukuta na geti, na waliandikiana karatasi gani asije mtu kesho akarudisha ukuta wake usiku. Na nguzo ya umeme mliifanyaje? Jumamosi saa tatu asubuhi tuna kikao kwa sheha. Naenda na futi kamba, na safari hii sitaki mtu achore mchangani.