MAJIRANI KISIMANI – CHIKONGOLA

Mama Zuhura 18:02
Majirani habari za jioni. Rashidi bado yuko kituoni. Wanataka wadhamini wawili wenye kitambulisho cha NIDA na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kesho saa 2:30 asubuhi tukutane kwa mwenyekiti. Mimi mmoja. Wa pili nani?

Mama Zuhura 18:20
Mmesoma watu 19. Naona.

Baba Nuru 18:31
Na mimi niliyeibiwa gunia tatu za korosho nimesoma. Huyo Mmsumbiji akadhaminiwe na ubalozi wake.

Mama Zuhura 18:33
Baba Nuru, pole kwa korosho, nilikuja kukupa pole na narudia. Kama kaiba ahukumiwe, sikatai. Ila Umsumbiji umeutoa wapi? Dada yake alipokimbia kwenye michezo ya shule, UMISSETA, uliandika humuhumu "binti yetu wa Chikongola". Baba mmoja, mama mmoja. Dada wa Chikongola, kaka wa Msumbiji?

Mudi Boda 18:35
Labda mama yao alilala katikati ya Ruvuma, mmoja akatokea huku mwingine kule 😂

Hadija K 18:35
😂😂😂 Mudi wewe

Mama Zuhura 18:36
Mudi, mtoto wa watu analala sakafuni. Wewe una NIDA?

Mudi Boda 18:41
Nina namba tu Mama, kadi bado

Mwalimu Issa 18:52
Hili linaniuma kwa sababu nimesoma lilikowafikisha wengine. Southport, Uingereza, tarehe 29 Julai 2024, kijana wa miaka 17 aliua kwa kisu watoto wa kike watatu. Jina halijatajwa, watu wakasambaza kwamba kaja kwa boti kuomba hifadhi. Kesho yake msikiti ukapigwa mawe. Kumbe Axel Rudakubana kazaliwa Cardiff, wazazi wake ndio waliotoka Rwanda. Hapo ubishi ukageuka: ni Mnyarwanda au ni mtu wa Wales? Januari 2025 kahukumiwa, hatatoka kabla ya miaka 52, na ubishi upo. Halafu huko huko kuna Mo Farah, kaingizwa utotoni kwa jina la mtoto mwingine. Aliposhinda mita 5,000 na 10,000 London mwaka 2012 alijifunika bendera yao na uwanja mzima ukamshangilia. Aliyezaliwa pale anarudishiwa nchi ya baba yake, aliyeletwa anakuwa wao. Tofauti ni medali na kisu.

Mama Shani 18:55
Mwalimu umeandika gazeti 🙏 Jamani nani ana ming'oko kesho?

Hadija K 18:56
Ipo, ya kuchemsha. Njoo mapema inaisha

Baba Nuru 19:04
Uingereza na korosho zangu wapi na wapi. Baba yake Rashidi alivuka na karatasi gani?

Mwalimu Issa 19:07
Sheria ya Uraia ya 1995 inaanzia alipozaliwa mtoto, wanaotolewa ni kama watoto wa mabalozi. Tatizo ni dirishani, unaulizwa baba kazaliwa wapi, na babu. Ndiyo maana neno lako Baba Nuru ni zito. Likiandikwa kwenye jalada, wizi wa gunia tatu unageuka kesi ya uraia, na hiyo itawafuata mpaka wadogo zake.

Mama Zuhura 19:15
Na kijana wako alipokamatwa Kariakoo ule mwaka, Dar walisema nini? "Watu wa kusini hao." Sisi hapa tulisema mtoto wa Baba Nuru. Tukachanga. Baba yake Rashidi alitoa elfu kumi, daftari ninalo.

Baba Nuru 19:16
Hilo la Kariakoo tulikubaliana halitatajwa.

Baba Nuru 19:17
_Ujumbe huu umefutwa_

Mudi Boda 19:19
Mama hapo umemgusa pabaya

Bi Somoe (simu ya Athumani) 20:48
Shikamooni wakubwa. Ni Athumani, bibi kasema niandike alivyosema nisipunguze.
"Rashidi nimempokea mimi, kwenye mkeka wangu, mvua inanyesha. Kaingia jandoni na Nuru, likumbi moja, ngariba mmoja. Na mimi mwenyewe nimevuka Ruvuma mwaka 1965, vita ya Mreno, nina miaka saba, mama kanibeba njia nzima maana mguu ulikuwa na kidonda. Nimewacheza unyago binti zenu wote. Baba Nuru, mimi uniite nani?"

Hadija K 20:50
Shikamoo Bibi

Mwalimu Issa 20:51
Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Mama Shani 20:58
Shikamoo Bi Somoe 🙏

Baba Nuru 21:40
Shikamoo Bi Somoe. Nisamehe mama yangu, sikuwa nakusema wewe.

Bi Somoe (simu ya Athumani) 21:44
Bibi anasema ndiyo alikuwa anasemwa yeye.

Baba Nuru 22:03
Mwenyekiti aandike alipozaliwa, sitapinga. Kesi siifuti. Korosho zangu nazitaka.

Mama Zuhura 22:04
Hakuna aliyekuomba uifute. Asante kwa hilo la barua. Haya, mdhamini wa pili? Baba Shani ulisema mchana utakuja.

Mama Zuhura 22:15
Baba Shani?

Baba Shani 23:12
Ndio nashuka kazini. Nitakuja, ila nina kopi tu. Kadi yenyewe ipo Masasi kwa mdogo wangu.

Mama Zuhura 23:13
Kopi hawapokei. Basi la asubuhi linaweza kuileta?

Mudi Boda 23:15
Nampigia kondakta, sijui kama kalala